Siri za Daraja si za kukaa kwenye .env

Fungua mradi wowote wa malipo kwenye laptopu ya Nairobi, uwe wa duka la nguo Eastleigh au wa sacco ya matatu, na utakuta faili moja ya mipangilio isiyokosa: `.env`. Ndani mna siri za Daraja, API ya Safaricom inayounganisha programu na malipo ya M-Pesa: Consumer Key na Consumer Secret zinazoitambulisha programu, passkey ya STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) na, mwenye mradi akiwa jasiri kupita kiasi, nenosiri la initiator, mtumiaji anayeruhusiwa kutuma pesa kwa B2C, yaani kutoka kwa biashara hadi kwa mteja. Kila mtu ameambiwa aitaje faili hiyo kwenye `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git haizirekodi, na wengi huitaja, basi wanaona kazi imekwisha.

Lakini `.gitignore` huizuia Git peke yake. Haizuii folda nzima kubanwa kuwa zip na kutumwa WhatsApp kwa mwenzako anayetengeneza kurasa. Haizuii Google Drive kuipandisha juu usiku, wala bakapu kuipeleka kwenye diski ya nje ambayo kesho itaazimwa mtu mwingine. Faili ya maandishi hunakiliwa bila kuuliza na bila kuacha alama. Hilo ndilo tatizo ambalo sefu ya mfumo endeshi, hifadhi ya siri iliyosimbwa, hutatua, na imo tayari ndani ya kompyuta. Hakuna cha kununua.

Kwanza tupime uzito wa siri zenyewe, maana hazilingani. Passkey ya sandbox (mazingira ya majaribio), ile ya shortcode, yaani namba ya biashara, 174379, imewekwa wazi kwa kila msanidi, kwa hiyo usijisumbue nayo. Consumer Key na Consumer Secret za prodakshoni hutumwa pamoja kwa Basic auth, kama jina na nenosiri ndani ya ombi, na kurudisha tokeni, yaani kibali, ya saa moja. Passkey huunganishwa na shortcode na muda wa ombi, kisha yote hugeuzwa base64 na kuwa sehemu iitwayo Password. Base64 ni namna ya kuandika tu, si usimbaji fiche. Yeyote anayeona ombi moja la STK Push kwenye logi yako ataligeuza kwa sekunde moja na passkey itakuwa pale katikati. Kwa hiyo ukihamisha passkey kwenye sefu huku programu bado inachapisha mwili mzima wa ombi kwenye logi, hujafanya kitu.

Nzito kuliko zote ni ya initiator. Nenosiri lake husimbwa kwa cheti cha Safaricom, likatoka SecurityCredential, maandishi marefu yasiyosomeka. Wengi huyabandika moja kwa moja kwenye msimbo wakiamini yamefichwa. Hayajafichwa kwa maana yoyote ya maana: API inapokea maandishi hayohayo, na yanaweza kutumwa tena na tena hadi nenosiri lenyewe libadilishwe. Mwizi hana haja ya kujua kilichomo ndani. Akiwa na maandishi hayo pamoja na Consumer Key na Secret za programu iliyopewa B2C, ana kila anachohitaji kutoka upande wako. Kwa hiyo SecurityCredential ihesabu kama nenosiri kamili, nayo iingie sefuni.

Ufunguo wa sefu ni kule kuingia kwako

Mac ina Keychain. Windows ina Credential Manager, na chini yake kuna DPAPI inayofanya usimbaji. Linux yenye desktopu ina huduma iitwayo Secret Service, ambayo GNOME Keyring na KWallet huitekeleza, na hata KeePassXC ukiiwasha kwenye mipangilio yake. Majina ni tofauti ila wazo ni moja: siri hukaa kwenye diski ikiwa imesimbwa, na ufunguo wa kuisimbua hutokana na nenosiri unaloingilia kwenye akaunti yako. Ukiingia, sefu inafunguka. Programu inaomba siri kwa jina, inapewa, kazi inaendelea.

Shika hapo pa nenosiri la kuingia, kwa sababu karibu kila hitilafu utakayokutana nayo inatokea hapo. Kama hakuna aliyeingia, kama ilivyo kwa cron (kazi za ratiba), SSH (kuingia kwa mbali) au huduma ya seva, sefu imefungwa. Kama nenosiri limebadilishwa kwa mlango wa nyuma, sefu imebaki na ufunguo wa zamani. Kama kompyuta inajifungua yenyewe bila nenosiri, ama sefu haifunguki, ama imeachwa bila kufuli.

Na kuna jambo ambalo sefu hizi hazifanyi: hazikukingi na programu inayoendeshwa kwa akaunti yako mwenyewe. Kwenye Windows, mchakato wowote unaoendeshwa kwa jina lako unaweza kuuliza Credential Manager na kujibiwa. Kwenye GNOME, sefu ikishafunguka, programu yoyote iliyo kwenye kipindi chako inaweza kuisoma. Jambo hilo liliwahi kuripotiwa kama udhaifu mwaka 2018 chini ya namba CVE-2018-19358, na watunzaji wa GNOME wakajibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Mac hujaribu zaidi, kama tutakavyoona, lakini nayo ina mwanya wake. Ukisakinisha toleo la kuibwa la programu ya kuhariri video, sefu haitakuokoa. Inakulinda na nakala, zip, bakapu na mwizi wa laptopu kwenye matatu. Hayo si madogo.

Mac

Amri ni `security`, na iko kwenye kila Mac:

```
security add-generic-password -s malipo-prod -a consumer_secret -U -w
```

`-s` ni jina la huduma, `-a` ni jina la akaunti, `-U` husasisha ikiwa kitu hicho kipo tayari. Bila `-U` utapata kosa la kwamba kimeshakuwepo, namba -25299. Herufi `-w` iwe ya mwisho kabisa na isifuatwe na kitu: hapo terminali itakuuliza siri na kukutaka uirudie. Ukiandika siri yenyewe baada ya `-w`, imeingia kwenye `~/.zsh_history`, na kwa muda mfupi inaonekana kwa anayeendesha `ps`. Umetoka kwenye `.env` ukaingia kwenye faili nyingine ya maandishi.

Kusoma:

```
security find-generic-password -s malipo-prod -a consumer_secret -w
```

Siri ikiwa ndefu, kama SecurityCredential, pima urefu baada ya kuiweka, maana kuingiza maandishi marefu kwenye kidokezo cha terminali kunaweza kuyakata mwisho bila kukuambia. Ongeza `| wc -c` kwenye amri ya kusoma, kisha toa moja kwa ajili ya mstari mpya. Cheti cha RSA cha biti 2048 hutoa herufi 344 za base64. Ukiona 128, umejua kilichotokea. Na siri yenye mistari kadhaa, kama ufunguo wa PEM (ufunguo ulioandikwa kama maandishi), hurudi ikiwa heksadesimali badala ya maandishi yake. Watu hupoteza mchana mzima wakidhani sefu imeharibu ufunguo. Haijaharibu, igeuze kuwa base64 ya mstari mmoja kabla ya kuiweka.

Sasa ule mwanya. Keychain huandika, kwa kila siri, programu zipi zinaruhusiwa kuisoma bila kuuliza. Ukiiweka siri kwa amri ya `security`, aliyeruhusiwa ni `security` yenyewe, na `security` inaweza kuitwa na skripti yoyote, ikiwemo ile iliyokuja na pakiti ya npm usiyoijua. Unaweza kuongeza `-T ""` wakati wa kuweka, ili pasiwe na programu inayoaminika na dirisha la ruhusa litokee kila mara. Kwa siri ya initiator mimi ningevumilia dirisha hilo. Kwa zile nyingine linachosha, na mtu aliyechoka atabonyeza "Always Allow" siku ya pili. Kitufe hicho kikibonyezwa kwa Python, kumbuka kilichoruhusiwa ni Python nzima kama programu, si skripti yako ya malipo: skripti yoyote ya Python inayotumia faili hiyohiyo ya Python imeruhusiwa pamoja nayo. Ndiyo maana pia dirisha hurudi baada ya kusasisha Python, jambo linalowashangaza wengi bure.

Kwa SSH, amri ya kusoma itakataa ikisema "User interaction is not allowed", kosa -25308. Sefu imefungwa na mfumo hauna skrini ya kukuulizia. Endesha `security unlock-keychain` kwanza, weka nenosiri la kuingia, kisha rudia. Kwa kazi za ratiba, tumia LaunchAgent, inayoendeshwa ndani ya kipindi chako, badala ya cron. Na usitafute siri hizi kwenye programu mpya ya Passwords, haizionyeshi. Fungua Keychain Access, ambayo bado ipo ingawa imehamishwa hadi `/System/Library/CoreServices/Applications`.

Windows

```
cmdkey /generic:malipo-prod /user:consumer_secret /pass
```

Ukiacha `/pass` bila kitu, utaulizwa. `cmdkey /list` huonyesha majina, lakini `cmdkey` haitoi siri kamwe. Kuisoma ni kazi ya programu kupitia `CredRead`. Kwa hiyo kwa kazi ya kila siku heri uweke na usome kwa maktaba moja, nitakayoitaja chini.

Kikomo cha kukumbuka ni baiti 2560 kwa kila siri. Maktaba nyingi huandika kwa UTF-16, baiti mbili kwa herufi, kwa hiyo umebakiwa na herufi 1280. Consumer Secret inaenea kwa raha. Ufunguo binafsi wa RSA wa biti 2048 kwa umbo la PEM unafika karibu herufi 1700, nao hauenei, na kosa utakalopewa halisaidii hata kidogo: 1783, "The stub received bad data". Dawa si kuukata ufunguo vipande viwili. Tengeneza ufunguo mfupi wa bahati nasibu, baiti 32, uweke huo kwenye sefu, kisha usimbe faili kubwa kwa huo.

Halafu kuna mambo ya fundi. Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa mjini huja na akaunti ya kawaida ya ndani ya mashine. Mtu anasahau nenosiri, anaipeleka kwa fundi Moi Avenue, fundi anachomeka flash, anaweka nenosiri jipya kwa nguvu, na mteja anaingia akiwa na furaha. Siri zote za Credential Manager zimekwenda. DPAPI hufunga funguo zake kuu kwa nenosiri la zamani. Ukibadilisha nenosiri mwenyewe kwa kuandika la zamani na jipya, mfumo husimba upya funguo hizo. Likibadilishwa kwa nguvu na msimamizi au kwa kifaa cha fundi, hakuna la zamani la kufungulia. Hiyo si hitilafu. Ndiyo kinga yenyewe, maana mwizi naye angepita njia hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, nakala ya kila siri iwe mahali pengine penye kufuli, kama kidhibiti nywila cha timu. Au ukubali kwamba utatengeneza funguo mpya kwenye tovuti ya Daraja, ambayo kwa kweli ni njia nzuri tu.

Kwenye Task Scheduler, ukichagua kazi iendeshwe hata kama hujaingia, usiweke alama kwenye "Do not store password". Kazi ya namna hiyo huanza bila nenosiri, na bila nenosiri DPAPI haina cha kufungulia. Kosa litaonekana kama siri haipo.

Linux yenye desktopu

```
sudo apt install libsecret-tools
secret-tool store --label='Daraja prod' service malipo-prod username consumer_secret
secret-tool lookup service malipo-prod username consumer_secret
```

Maneno yale ya mwisho ni sifa za kutafutia, jozi kwa jozi, na unaweza kujitungia. Zenyewe hazihesabiwi kuwa siri, kwa hiyo usiweke humo namba ya simu ya mteja wala shortcode usiyotaka ijulikane. Ukipitisha siri kwa bomba badala ya kuiandika, tumia `printf '%s'`, si `echo`, kwa sababu `echo` huongeza mstari mpya mwishoni, na Consumer Secret yenye mstari mpya hukataliwa na seva bila maelezo ya maana.

Kuingia moja kwa moja bila nenosiri ndiko huharibu mambo hapa. PAM, sehemu ya Linux inayoshughulikia kuingia, haikupata nenosiri la kufungulia sefu, kwa hiyo dirisha linatokea kila asubuhi likidai nenosiri la keyring. Mtu anatafuta suluhisho, anashauriwa abadilishe nenosiri la keyring liwe tupu. Dirisha linaondoka, na faili iliyo ndani ya `~/.local/share/keyrings` sasa ni maandishi matupu. Kuingia kwa alama ya kidole kuna shida hiyohiyo: kidole si nenosiri, hakifungui sefu. Na `sudo passwd jina` hubadilisha nenosiri la kuingia bila kugusa la keyring. Tumia `passwd` ukiwa mwenyewe.

Kuitoa sefuni hadi kwenye programu

Kwa Python, maktaba ya `keyring` huzungumza na sefu zote tatu:

```
keyring set malipo-prod consumer_secret
```

```
import keyring
siri = keyring.get_password("malipo-prod", "consumer_secret")
if siri is None:
    raise SystemExit("Siri ya malipo-prod haipo kwenye sefu")
```

Mistari miwili ya mwisho si pambo. Siri isipokuwepo, `get_password` haitoi kosa, inarudisha `None`. Ukiiacha ipite, maneno "None" yatabandikwa kwenye Basic auth, Daraja itakataa, nawe utaanza kulaumu mtandao. Majina niliyotumia juu nayo nimeyalinganisha makusudi: kwenye Mac `keyring` hutumia `-s` na `-a`, na kwenye Linux sifa za `service` na `username`, kwa hiyo ulichoweka kwa Python unaweza kukisoma kwa amri ya mfumo.

Kabla ya kuamini chochote, endesha `keyring --list-backends`. Ikiwa kuna mtu aliyesakinisha `keyrings.alt`, mashine isiyo na sefu inaweza kuishia kuandika siri kwenye faili ya kawaida bila kukuambia. Programu za Electron (za desktopu zilizojengwa kwa JavaScript) zina mtego kama huo: `safeStorage` kwenye Linux isipopata sefu hurudi kwenye hali iitwayo `basic_text`, ambapo nenosiri la kusimba limeandikwa ndani ya programu yenyewe. Angalia kwa `getSelectedStorageBackend()` na ukatae kuendelea. Kwa Node ya kawaida, miongozo mingi ya zamani bado inataja `keytar`. Hazina yake ilishafungwa, usianze nayo mradi mpya.

Ukiwa na programu inayotaka kigeu cha mazingira na hutaki kuigusa, ipe kigeu wakati wa kuiwasha tu:

```
DARAJA_SECRET="$(security find-generic-password -s malipo-prod -a consumer_secret -w)" node app.js
```

Historia ya terminali itabaki na amri, si siri. Ni nusu ya njia, nakubali: kigeu hurithiwa na kila mchakato mtoto, na zana za kuripoti makosa hupenda kukusanya mazingira yote na kuyatuma nje. Kwa laptopu ya kazi inatosha. Usiweke `export` yake kwenye `.zshrc`, ingawa, maana hapo kila programu unayoiwasha kutoka terminali inapewa.

Git na Docker zina siri zao ambazo watu huzisahau. `credential.helper store` huandika tokeni ya GitHub kwa maandishi matupu ndani ya `~/.git-credentials`, badilisha iwe `osxkeychain`, `libsecret` au `manager` kulingana na mashine. Kwenye `~/.docker/config.json`, ukiona sehemu ya `auth` yenye herufi, hiyo ni base64 ya jina na nenosiri lako. Weka `credsStore` yenye `osxkeychain`, `wincred` au `secretservice`, kisha uingie upya.

Seva haina mtu wa kuingia

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu hujaribu kubeba sefu ya laptopu hadi kwenye VPS, seva ya kukodi. Wanasakinisha GNOME Keyring kwenye seva ya Ubuntu, wanapata "Cannot autolaunch D-Bus without X11 $DISPLAY", wanaongeza `dbus-run-session`, wanaandika skripti inayofungua keyring kwa nenosiri lililo kwenye faili. Wamerudi walikotoka, na mizigo zaidi. Seva haina mtu anayeingia asubuhi, kwa hiyo sefu inayofunguliwa na kuingia haiifai.

Kinachoifaa ni `systemd-creds`, zana ya systemd, mfumo unaoendesha huduma za Linux. Ilikuja na systemd 250, kwa hiyo Debian 12 na Ubuntu 24.04 zinayo, ila Ubuntu 22.04, yenye systemd 249, haina. Ingia kwanza kama root kwa `sudo -i`, ili kidokezo cha sudo kisigongane na cha siri, kisha:

```
mkdir -p -m 700 /etc/credstore.encrypted
systemd-ask-password -n "Consumer secret:" | systemd-creds encrypt --name=consumer_secret - /etc/credstore.encrypted/consumer_secret
```

Kwenye faili ya huduma:

```
[Service]
User=malipo
LoadCredentialEncrypted=consumer_secret:/etc/credstore.encrypted/consumer_secret
```

Huduma ikiwashwa, systemd husimbua siri na kuiweka kwenye folda ya kumbukumbu isiyogusa diski, inayosomwa na huduma hiyo peke yake, na kutaja mahali pake kwa kigeu `CREDENTIALS_DIRECTORY`. Programu inafungua faili `consumer_secret` ndani ya folda hiyo, inasoma, basi. Huduma ikizimwa, folda inatoweka.

Jina la `--name` limefungwa ndani ya maandishi yaliyosimbwa. Ukiita `consumer_secret` wakati wa kusimba halafu `daraja_secret` kwenye huduma, usimbuaji utakataa. Ni kinga dhidi ya mtu kubadilishana siri za huduma mbili. Kujaribu kabla ya kuwasha huduma yenyewe:

```
systemd-run -P --wait -p LoadCredentialEncrypted=consumer_secret:/etc/credstore.encrypted/consumer_secret systemd-creds cat consumer_secret
```

Ufunguo wa kusimba, kama mashine haina TPM2, chipu ya usalama inayotunza funguo, na VPS nyingi hazina, ni faili `/var/lib/systemd/credential.secret`. Uko kwenye diski ileile. Anayepata snapshoti ya diski nzima amepata vyote viwili, na anayepata root amepata kila kitu; usimwambie mteja vinginevyo. Unachopata ni kwamba `/etc` ikinakiliwa peke yake, au faili ya huduma ikiingia kwenye hazina ya Git ya Ansible, hakuna siri iliyotoka. Mashine yenye TPM2, kama seva iliyo ofisini kwenu Westlands, hufunga siri kwa chipu yenyewe, na diski ikichomolewa haisomeki kwingine. Kwa hali zote mbili, kuhamia mashine mpya kunamaanisha kusimba upya, kwa hiyo usifute siri kwenye kidhibiti nywila cha timu eti kwa kuwa seva inayo.

Njia ya mkato ya `Environment=DARAJA_SECRET=...` ndani ya faili ya huduma iacheni kabisa. Mtumiaji yeyote wa mashine, hata asiye na sudo, anaendesha `systemctl show malipo -p Environment` na anaisoma. `EnvironmentFile=` yenye ruhusa 600 ni afadhali, na kwa Ubuntu 22.04 `LoadCredential=` ya kawaida inafanya kazi, ila faili inabaki bila kusimbwa.

Simu

Swali linalorudi kila mara ni wapi pa kuficha Consumer Secret ndani ya programu ya Android. Hakuna mahali. Android Keystore ni imara, lakini hulinda kile kilichozaliwa au kuingizwa kwenye simu ya mtumiaji: tokeni yake ya kuingia, ufunguo wake. Siri iliyosafirishwa ndani ya APK, faili ya kusakinisha programu, imegawiwa kila aliyepakua, na `jadx`, zana ya kusoma msimbo wa APK, huifungua kabla chai haijapoa. Simu iongee na seva yako, seva ndiyo iongee na Daraja.

Ukisimba tokeni ya mtumiaji kwa ufunguo wa Keystore, ondoa faili hiyo kwenye bakapu ya Android. Faili hurudishwa kwenye simu mpya, ufunguo haurudi, na programu huanguka kwa `AEADBadTagException` kwa wateja walionunua simu juzi tu.

Baada ya kuhama

Kuhamisha siri kwenye sefu hakuzifanyi zile za zamani kuwa salama. Zilizokuwa kwenye `.env` zimeshapita mahali usipopajua, kwa hiyo mpangilio ni huu: tengeneza Consumer Key na Secret mpya, ziweke kwenye sefu, washa huduma upya, thibitisha tokeni inatoka, ndipo ufute za zamani kwenye tovuti. Ukifuta kwanza, malipo yatasimama Ijumaa jioni mbele ya foleni ya wateja. Nenosiri la initiator libadilishwe na mwenye mamlaka hayo kwenye kampuni, kisha SecurityCredential mpya itengenezwe kwa cheti cha prodakshoni, si cha sandbox. Kuchanganya vyeti hivyo viwili ndicho chanzo cha kawaida cha kukataliwa kwa kitu kinachoonekana sahihi kabisa.

Tafuta pia kwenye historia ya Git, si kwenye faili za leo tu:

```
git log --all --oneline -- .env
git log --all -p -S 'kipande_cha_siri'
```

Hicho kipande kiwe herufi sita au saba za siri iliyokwisha kufutwa, maana nacho kitaingia kwenye historia ya terminali. Ikionekana siri imetoka na imefungua njia ya kufikia namba za simu na majina ya wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mdhibiti wa data, yaani anayeamua data itumikeje, saa 72, tangu alipojua, kumjulisha Kamishna wa Data, pale panapokuwa na hatari halisi ya madhara kwa wahusika. Wewe uliyepewa kandarasi ya kuchakata data kwa niaba ya mteja una saa 48 za kumwambia mteja wako. Andika saa uliyogundua, kwa tarehe na dakika, kabla hujaanza kurekebisha chochote.